Ushindi bila kitabu hufa: Wahindi wameelewa, sisi tunangoja nini?

Tarehe 18 Juni 1983, katika mji mdogo wa Tunbridge Wells, Uingereza, ekipe ya India ilikuwa karibu kuaibika mbele ya Zimbabwe katika Kombe la Dunia la kriketi. Ndugu msomaji, kama mchezo huo huujui, shika hili tu: wapigaji wanaingia uwanjani wawili wawili, wanapiga mpira na kukimbia ili kupata alama zinazoitwa mikimbio, na aliyetolewa harudi tena. India ilikuwa na mikimbio 17 tu, na wapigaji 5 walikwisha kutolewa. Kwetu tungesema: mpira uko dakika ya ishirini na tayari tumefungwa mabao manne.

Nahodha wao, Kapil Dev, kijana wa miaka 24, akabaki uwanjani mpaka mwisho. Alipata mikimbio 175 peke yake, hesabu ambayo wakati ule hakuna mtu aliyewahi kuifikia katika mechi ya kimataifa ya siku moja. India ikashinda. Siku 7 baadaye, kwenye uwanja wa Lord's mjini London, ikawaangusha West Indies, mabingwa wa mwaka 1975 na 1979, kwa tofauti ya mikimbio 43. Kabla ya mwaka ule, India ilikuwa imeshinda mechi moja tu katika Makombe ya Dunia yote, nayo ni ile ya mwaka 1975 dhidi ya ekipe ya Afrika Mashariki, iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Hakuna aliyeitegemea. Leo Wahindi wanauhesabu mwaka 1983 kama mwaka ambao nchi yao ilijiona kubwa kwa mara ya kwanza uwanjani.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mechi ile ya Tunbridge Wells haina video. Hakuna kamera ya televisheni iliyokuwapo siku hiyo. Sababu inayotajwa sana ni mgomo wa wafanyakazi wa BBC. Kilichobaki ni foto chache, daftari la hesabu ya mikimbio, na midomo ya waliokuwapo. Hata hivyo mtoto wa Mumbai aliyezaliwa miaka 30 baadaye anaweza kukusimulia mechi hiyo kama vile babu yake alikuwa amekaa jukwaani. Ameijua namna gani? Wahindi hawakungoja kamera iwafanyie kazi. Waliziokota zile foto chache, wakaandika majina, wakaweka tarehe, wakachapisha vitabu, na wakavirudia kila kizazi.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Ushindi ambao haukuwekwa katika kitabu chenye picha na majina huzikwa pamoja na wale waliouona. Wahindi wamelielewa jambo hilo zamani. Sisi bado tunapiga ngoma usiku mmoja, kesho yake tunasahau.

Kitabu kinachokaa mezani

Kule India kuna desturi ya vitabu vikubwa vya picha juu ya ushindi wa michezo. Ni vitabu vizito, karatasi yake inang'aa, vinawekwa kwenye meza ya sebuleni ili mgeni afungue huku akingoja chai. Mwandishi mmoja wa aina hiyo ni Indra Vikram Singh, mtu wa ukoo wa kifalme wa Rajpipla. Aliandika «Crowning Glory», juu ya India kuchukua Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2011. Aliandika pia «A Maharaja's Turf», juu ya mfalme wa ukoo wake aliyeshinda mbio kubwa za farasi huko Uingereza.

Ushindi wa mwaka 2011 wengi wanaukumbuka. Tarehe 2 Aprili, uwanja wa Wankhede mjini Mumbai, India iliishinda Sri Lanka, na nahodha Mahendra Singh Dhoni akamaliza mechi kwa kuupiga mpira mpaka kwa watazamaji. Kombe lilikuwa limerudi baada ya miaka 28. Siku hiyo kamera zilikuwa nyingi kuliko hesabu. Mtu anaweza kuuliza: kama video iko, kitabu cha nini?

Jibu ni kwamba video inakuonyesha mpira unavyoruka, kisha inapita. Kitabu kinasimama. Kinakuambia yule anayelia pembeni ni nani, alitoka mji gani, alingoja miaka mingapi. Mwaka ule Sachin Tendulkar alikuwa anacheza Kombe lake la Dunia la sita, na hakuwa amewahi kulichukua hata moja. Picha ya vijana wakimbeba mabegani kuzunguka uwanja, bila maelezo, ni picha ya watu wenye furaha. Ukisoma maneno yaliyo chini yake unaelewa kwamba wale vijana walikuwa wanalipa deni.

Wala desturi hii si ya matajiri peke yao. Jarida la Sportstar, la wenye gazeti la The Hindu, lilianza mwaka 1978, na ukurasa wake wa katikati ulikuwa na picha kubwa ya mchezaji. Vijana walikuwa wanaitoa taratibu bila kuipasua, wanaibandika ukutani. Tajiri alikuwa na kitabu mezani, mtoto wa fundi alikuwa na ukurasa mmoja juu ya kitanda. Wote wawili walikuwa na kumbukumbu ileile.

Farasi wa Epsom na swali lisiloepukika

Lakini kusifu peke yake hakutoshi. Vitabu hivi vina ugonjwa wao, na ni vizuri tuuone kabla ya kuiga.

Tarehe 6 Juni 1934, farasi aitwaye Windsor Lad alishinda Derby ya Epsom, mbio zinazoheshimiwa kuliko zote Uingereza. Mwenye farasi alikuwa Maharaja Vijaysinhji wa Rajpipla, ufalme mdogo katika eneo ambalo leo ni jimbo la Gujarat. Farasi aliyetarajiwa na wengi, Colombo, ambaye alikuwa hajawahi kushindwa, alifika wa tatu. Mfalme George wa Tano alikuwapo. Fikiria maana yake: India ilikuwa bado koloni, na mtu wa India anasimama Epsom akishangiliwa na wale wanaoitawala nchi yake. Kwa Wahindi wengi ilikuwa siku ya kunyoosha shingo. Ninaelewa kwa nini mtu wa ukoo ule alitaka kuitengenezea kitabu.

Sasa tutazame nani aliyekuwa ndani ya picha ile. Farasi alizaliwa Ireland. Aliyempanda, Charlie Smirke, alikuwa Mwingereza. Aliyemfundisha, Marcus Marsh, alikuwa Mwingereza pia. Cha India kilikuwa pesa na jina la mwenye mali. Na pesa za mfalme wa Rajpipla zilitoka wapi? Zilitoka katika ardhi ya Rajpipla, kwa wakulima waliolipa kodi, ambao hawakuwahi kuona Epsom hata kwa foto. Ushindi ulikuwa wao kwa jasho, lakini kwenye picha hawamo.

Hata leo, kwenye uwanja wa Mahalaxmi mjini Mumbai, uliofunguliwa mwaka 1883 na ambako Derby ya India hukimbizwa, farasi akishinda, mwenye mali anashika kamba na kumwongoza mbele ya umati. Wapiga picha wanakimbilia hapo. Kando yake yuko mtu anayeitwa sais, yule anayemlisha farasi, anayemwosha, anayeamka usiku farasi akikohoa. Mara nyingi chini ya foto utasoma jina la tajiri, jina la mpanda farasi, jina la mwalimu, hata jina la babake farasi. La sais hulioni. Farasi ana ukoo kitabuni, mtu hana.

Sisemi kwamba kitabu cha Derby kisiwepo. Ninasema kwamba kitabu cha picha ni kama mlango: anayekishika ndiye anayeamua nani aingie na nani abaki nje.

Mtu aliyenywea chai nje

Kriketi ya India ina mfano unaouma zaidi. Mwaka 1911, ekipe ya kwanza iliyokusanya Wahindi wa dini zote ilisafiri kwenda Uingereza. Nahodha alikuwa Maharaja wa Patiala, Bhupinder Singh, kijana tajiri. Ekipe ilipigwa mara nyingi. Mtu aliyeng'aa alikuwa mrusha mpira aitwaye Palwankar Baloo, ambaye katika safari ile aliwatoa wapigaji zaidi ya 100.

Baloo alizaliwa katika tabaka ambalo Wahindi wengine walikataa hata kuligusa. Alikuwa akitunza nyasi za uwanja wa Wazungu mjini Poona, na kuwarushia mpira maofisa wa Kiingereza wakati wa mazoezi. Alipochukuliwa na ekipe ya Wahindu kwa sababu walihitaji mkono wake, uwanjani waligusa mpira uleule alioushika yeye. Lakini saa ya chai ikifika, yeye alipewa chai nje, katika kikombe cha udongo cha kutupwa. Pamoja na ustadi wake wote, hawakumpa unahodha. Ilikuwa mdogo wake, Vithal, aliyekuja kuupata baadaye, mwaka 1923.

Baloo alifariki mwaka 1955. Kwa muda mrefu Wahindi waliwaimba wafalme: Ranjitsinhji ana kombe kubwa la nchi lenye jina lake tangu mwaka 1934, ingawa mechi kubwa za kimataifa alizicheza kwa ajili ya Uingereza. Baloo alibaki jina la wachache waliopenda historia. Ni mwanahistoria Ramachandra Guha, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya kriketi na jamii ya India, aliyemrudisha mbele ya wasomaji wengi. Kitabu kimoja kilitosha kumtoa mtu kaburini. Na ukosefu wa kitabu ulikuwa umetosha kumzika karibu miaka hamsini.

Wanawake wa India pia wanaijua njia hiyo. Wale waliocheza kriketi miaka ya sabini wamesimulia jinsi walivyosafiri kwa treni bila viti vya kuwekewa na kulala sakafuni. Tarehe 2 Novemba 2025, huko Navi Mumbai, ekipe ya wanawake chini ya Harmanpreet Kaur iliishinda Afrika Kusini kwa mikimbio 52 na kuchukua Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Vitabu vyao vitakuja, sina shaka. Swali ni moja: je, ukurasa wa kwanza utakuwa wa kombe, au wa wale mama waliolala chini ili kombe lije? Wenye kutengeneza vitabu wajibu vizuri, maana wengi wa mama hao bado wako hai na wanaweza kuulizwa.

Na sisi, foto zetu ziko wapi?

Hapa msomaji wa Bukavu, wa Uvira au wa Bunia ana haki ya kuuliza: yanatuhusu nini mambo ya kriketi na farasi? Yanatuhusu kwa sababu ya jina moja: Ndaye Mulamba.

Mwezi Machi 1974, mjini Cairo, Léopards walichukua Kombe la Afrika. Ndaye alifunga mabao 9 katika mashindano yale. Mpaka leo hakuna aliyeifikia hesabu hiyo katika kombe moja. Fainali ilichezwa mara mbili dhidi ya Zambia, 2-2 kisha 2-0, na mabao yetu yote manne ni yeye. Mtu wa namna hiyo angekuwa Mhindi, angekuwa na rafu nzima ya vitabu. Yeye alipata nini? Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi katika umaskini. Mwaka 1998 ilivuma habari kwamba amekufa, na wakati wa Kombe la Afrika huko Burkina Faso watu walisimama kimya dakika moja kwa ajili yake. Alikuwa hai. Alifariki kweli mwezi Januari 2019. Bara zima lilimwombolezea mtu anayepumua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akifuatilia habari zake.

Kuna jambo jingine linaloumiza zaidi. Mwaka uleule wa 1974, miezi mitatu baada ya Cairo, tulienda Kombe la Dunia Ujerumani. Dunia inakumbuka nini? Inamkumbuka Mwepu Ilunga akitoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Brazil kabla haujapigwa. Picha hiyo imechekwa miaka hamsini. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria alizijua. Lakini maelezo hayana nguvu mbele ya picha. Ushindi wa Cairo hatukuutengenezea picha zetu zinazotembea, basi wengine walituchagulia picha ya aibu, nayo ndiyo inayotembea. Asiyejichora mwenyewe huchorwa na jirani, na jirani hachagui upande wako mzuri.

Mtu atasema: India ina pesa, sisi tuna vita. Watu wanakimbia na magodoro kichwani, wewe unazungumza vitabu vya picha! Ninakubali kwamba chakula kinatangulia. Lakini tuangalie pesa vizuri. India ya mwaka 1983 haikuwa tajiri. Baada ya kuchukua kombe, wakubwa wa kriketi hawakuwa na pesa za kuwazawadia wachezaji, mpaka mwimbaji Lata Mangeshkar akaimba mjini Delhi ili zipatikane, na kila mchezaji akapewa rupia 100,000. Kwetu mwaka 1974 ilikuwa kinyume: Mobutu aliwagawia wachezaji magari na nyumba. Wale walioimbiwa wana vitabu. Wale waliopewa magari, magari yamekwisha oza.

Tena kuhusu vita, mimi ninaona kinyume. Vita ndiyo sababu ya kufanya haraka. Nyumba ikiungua, foto zinaungua. Familia ikikimbia, haibebi sanduku la picha za zamani. Mzee aliyecheza miaka ya sabini akifia kambini, amekwenda na majina yote ya ekipe yake. Kila mwaka tunaongoja unapunguza mashahidi.

Na mikono tunayo. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechora vitabu vya hadithi za picha vinavyosomwa Ulaya. Kabla yake, mjini Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi hii, mbao zaidi ya mia, juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Kila ubao aliusimulia kwa Kiswahili, Kiswahili hiki chetu, mbele ya mtaalamu Johannes Fabian, katika miaka ileile ambayo Ndaye alikuwa anafunga. Kazi hiyo ilikuja kuwa kitabu, mwaka 1996. Kilichapishwa Marekani. Mchoraji alitoka kwetu, maneno yalitoka kwetu, magunia yalitoka kwetu. Mchapishaji tu ndiye hakutoka kwetu.

Tuanze na penseli

Sipendekezi kitabu cha karatasi inayong'aa cha kuweka kwenye meza ya waziri. Kitabu cha namna hiyo kitakuwa na foto ya waziri kwenye kurasa kumi za kwanza, na tutakuwa tumefanya kosa la Rajpipla bila hata kuwa na farasi.

Ninapendekeza kazi ndogo. Kila aliye na foto ya zamani ya ekipe, iwe ya mtaa, ya shule, ya parokia au ya mji, aitoe kabatini wiki hii. Amtafute mzee mmoja anayewajua waliomo. Nyuma ya foto aandike kwa penseli majina yote, kutoka kushoto kwenda kulia, na la kipa wa akiba, na la aliyefua jezi, na la mama aliyepika. Aandike mwaka, mahali, na matokeo. Kisha aipige kwa simu, pande zote mbili, na kuwatumia watatu wanaokaa miji tofauti. Walimu wa shule zenye vijana wanaojua kuchora wawape mechi moja waichore, kurasa nane, rangi moja, maneno ya Kiswahili. Kitabu cha kurasa nane cha kutolewa fotokopi si cha sebule ya maharaja, lakini kitakuwa na majina.

Waandishi wa habari za michezo nao, na ninajihesabu humo, tuache kuandika "wachezaji wakishangilia" chini ya kila foto. Wachezaji wana majina. Kuwauliza ni kazi ya dakika moja.

Kule India, watu bilioni moja wanaijua mechi ambayo kamera haikuiona, kwa sababu wachache waliona kwamba inafaa kuandikwa. Sisi tuna mwenye mabao 9, na tulimsimamia kimya angali hai. Wazee waliokuwa Cairo wanapungua. Penseli ni franka chache tu.